Ukuta Usio na Mgonjwa

Kwenye korido ya utawala ya hospitali niliyoanzia kazi palitundikwa picha 11 za Waganga Wafawidhi waliopita. Za mwanzo nyeusi na nyeupe, za mwisho za rangi, nazo zilikwisha kupauka kwa jua la dirishani. Wanaume watupu. Kila asubuhi nikienda kusaini daftari la mahudhurio nilipita mbele yao, na kama korido haina mtu nilisimama kidogo mbele ya kioo cha fremu ya mwisho nikajitazama. Si kwamba nilikuwa naangalia kama mtandio umekaa sawa. Nilikuwa najipima. Picha ya 12 niliitaka iwe yangu.

Mwanamke aliyewahi kuvaa koti jeupe huku pwani hahitaji kuelezwa kiu hiyo ilitoka wapi. Mgonjwa anaingia, mnasalimiana, anakusimulia ugonjwa wake tangu mfungo uliopita mpaka jana usiku, unampima, unamwandikia dawa, anaikunja karatasi vizuri, halafu anauliza: "Haya sista, na daktari mwenyewe anakuja saa ngapi?" Mwaka wa kwanza nilicheka. Mwaka wa tatu nikaacha kucheka, nikanunua stetoskopu ya bei kubwa, nikawa naivaa shingoni hata kantini, hata jioni nikipitia sokoni kununua changu. Nikajifunza kusema kwa mkato. Nikajifunza pia kutoinua macho kwenye faili mgonjwa anapoongea, kwa sababu wakubwa wangu wote hawakuwa wakiyainua, na wao hakuna aliyewahi kuwaita sista.

Nitamtaja mgonjwa mmoja tu, bila jina. Alikuwa mkata mkonge, mtu mzima wa makamo, kikohozi hakimwachi. Makohozi yalipimwa, hayakuonyesha kitu. Picha ya kifua ilikuwa na kivuli juu upande wa kulia, na huku kwetu kivuli cha namna hiyo mkono huandika kifua kikuu kabla akili haijaamka. Nikamwanzishia dawa. Miezi sita baadaye akarudi, anakohoa vilevile, suruali ameifunga kwa kamba. Nikaandika kwenye faili kwamba hakumaliza dozi, ilhali kadi yake, iliyojaa alama za kila siku, ilikuwa mezani mbele yangu. Nikamrudisha kwenye dawa zilezile.

Alipolazwa, kwenye raundi, daktari kijana wa mafunzo akaninong'oneza, "Dokta, umeviona vidole vyake?"

"Nimeviona," nikasema.

Sikuwa nimeviona. Niligeuka ndipo nikaona: ncha za vidole zimevimba, kucha zimebinuka kama mgongo wa kijiko kilichofunikwa. Vidole vya namna hiyo havifanywi na kifua kikuu mara nyingi. Kwa mtu wa umri ule, mvutaji, mwenye kivuli kwenye pafu, vinasema saratani, na vilikuwa vimesema hivyo kwa miezi. Mikono ileile ilikuwa imepokea karatasi ya dawa kutoka mkononi mwangu si chini ya mara saba. Alifariki kabla ya mvua za vuli kuisha.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba siku zilezile nilikuwa nasomea mtihani wa uanachama wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari cha London, na kwenye sehemu yake ya vitendo mtahiniwa huanza na mikono. Unamwomba mgonjwa anyooshe vidole, unavikagua, unawatamkia wasahihishaji ulichokiona. Nilifanya hivyo bila kosa. Nilifaulu. Kwa ajili ya mtihani macho nilikuwa nayo.

Basi nikaenda London kupokea cheti.

Kile chuo hakifundishi wanafunzi kama jina linavyomdanganya mtu; ni chama cha madaktari. Mfalme Henry VIII alikipa hati mwaka 1518, kwa kuombwa na Thomas Linacre na wenzake, ili kiamue nani aruhusiwe kutibu ndani ya London na maili saba kuizunguka. Kupasua waliwaachia wapasuaji, ambao baadaye waliunganishwa na vinyozi kuwa kundi moja; kuchanganya dawa waliwaachia wauza dawa. Daktari wa chama alibaki na Kilatini na ushauri. Jengo lao la leo, pembeni mwa Regent's Park, lilichorwa na Denys Lasdun likafunguliwa mwaka 1964. Nilitarajia kitu kama kanisa kuukuu, nikakuta boksi jeupe limeegemea hewa. Ukiingia, unakutana na ngazi pana, na kuizunguka ngazi, ukutani, wao.

Nilifika mapema mno kwa kuogopa treni zao. Mlinzi akaniruhusu kuzunguka. Sijui niseme vipi bila kujiaibisha: niliwapenda papo hapo. Mawigi, mahariri, kola nyeupe, vitabu chini ya viganja, nyuso zisizodaiwa na mtu. Picha zangu 11 za korido zilikuwa zimezaa. Nilimpigia mama simu, nikamwambia, "Mama, ungewaona! Kila mmoja utadhani sultani." Nilipokata simu, mwanamke aliyekuwa anafuta reli ya ngazi aliniuliza kama mimi ni wa kwao.

Kwao ni Bukavu. Kiswahili chake na changu vilipishana kidogo vikakutana. Akaniita Mama Docta, mimi nikamwita dada. Alisema ametumika huku miaka mingi, anawajua hawa wazee kwa vumbi lao, nani anashika vumbi puani na nani kwenye wigi. Halafu akaegemea reli, akainua kidevu kuelekea ukutani.

"Bote ni badocta, sawa. Sasa bagonjwa beko wapi?"

Nikamjibu kijinga kwamba wagonjwa hawakuwa na hela za kumlipa mchoraji.

"Ndiyo. Lakini kule kwetu, fundi wa nguo akienda kujipiga foto, anajipiga na mashini yake. Hawa banashika nini? Kitabu."

Akarudi kwenye reli yake. Sidhani kama alikusudia kunifundisha jambo, alikuwa anapiga soga tu na mtu wa lugha yake. Lakini mimi nilipanda ile ngazi na swali lake mgongoni, na picha moja baada ya nyingine ilimuunga mkono yeye. Kitabu. Karatasi. Kiti cha mkono. Kwenye kabati la kioo ipo hata fimbo yenye kichwa cha dhahabu, iliyopokezanwa na madaktari wakubwa kuanzia John Radcliffe na Richard Mead mpaka Matthew Baillie, kila mmoja akatembea nayo mjini ili watu wajue anayepita ni nani. Nilipoiona mkono ulinienda shingoni wenyewe. Stetoskopu nilikuwa nimeiacha nyumbani, lakini mkono haukujua.

Mbele ya William Harvey nilikaa muda mrefu. Ni mzee, mvi, nguo nyeusi. Picha yake ni miongoni mwa vitu vichache vilivyookolewa mwaka 1666, moto mkubwa wa London ulipoteketeza jengo la chama, pamoja na sanamu yake na sehemu kubwa ya maktaba aliyowapa. Kila mtu aliyesoma udaktari anajua kazi yake: mwaka 1628 alichapisha kitabu chembamba kueleza kwamba damu inazunguka mwilini, moyo ukiwa pampu. Kabla yake walifundishwa, kwa kumfuata Galen, mganga wa kale, kwamba ini hutengeneza damu kutokana na chakula na mwili huitumia ikaisha. Harvey alichukua kipimo kidogo cha damu kwa kila pigo la moyo, akazidisha kwa mapigo 1,000 ya nusu saa, akapata damu ambayo hakuna mlo duniani ungeweza kuitengeneza. Kwa hiyo lazima ni ileile, inarudi. Malipo yake? John Aubrey, aliyemfahamu, aliandika kwamba Harvey mwenyewe alimwambia wagonjwa walimpungua sana baada ya kitabu kile, watu wakamwona amerukwa na akili.

Hayo niliyajua tangu chuoni. Ambalo sikuwahi kulitia maanani ni michoro ya kitabu chake. Haionyeshi moyo. Inaonyesha mkono wa mtu hai, umefungwa kitambaa juu ya kiwiko, mishipa imesimama, na vidole vya mtu mwingine vinaibonyeza. Basi. Ni kile anachokifanya nesi yeyote wa wodini saa kumi na mbili asubuhi anapotafuta mshipa wa kuweka kanula. Mimi nimefunga mikono ya namna hiyo maelfu.

Usiku ule, chumbani kwenye nyumba ya kulala wageni, nilivua mtandio nikaufunga juu ya kiwiko changu cha kushoto, nikaukaza kwa meno. Mishipa ikapanda. Kwenye ule mmoja unaoshuka upande wa ndani wa mkono nikaona vifundo vidogo, kama vya mua mwembamba. Nikauziba mshipa kwa kidole kimoja karibu na kiganja, na kwa kidole kingine nikaisukuma damu kwenda juu mpaka ipite kifundo, nikakiachia kidole cha juu. Mshipa ukabaki bapa kati ya kifundo na kidole, mfereji mtupu chini ya ngozi. Damu iliyo juu inataka kurudi, kifundo kinaikatalia. Nikaachia kidole cha chini. Ukajaa mara moja, kutoka chini. Nilirudia nikarudia, peke yangu, mpaka vidole vikaanza kufa ganzi. Nilikuwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, mwenye cheti cha siku hiyohiyo kwenye begi, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuangalia mkono.

(Sherehe yenyewe siisimulii. Jina langu lilitamkwa vibaya, nikapiga makofi pamoja na wengine.)

Makumbusho yao hayakuwa na kiingilio, nikarudi kesho yake. Safari hii nilikuwa namtafuta mgonjwa.

Nilimpata, na laiti yule dada angekuwepo nimwonyeshe. Ni mbao sita ndefu, urefu wa mtu, kutoka Padua, mji alikosomea Harvey. Ni za karne ya 17. Kila ubao umebandikwa mishipa ya binadamu halisi: mmoja mishipa ya damu, mwingine mishipa ya fahamu, imechambuliwa kutoka kwenye maiti uzi kwa uzi, ikakaushwa, ikalazwa kwenye mbao kwa umbo la mtu aliyenyoosha mikono, ikapakwa vanishi. Kwa mbali utadhani mizizi ya mkoko iliyoachwa na maji kupwa. Ukisogea unaona kiwiko. Unaona pale mshipa unapogawanyika kuingia kwenye vidole. Waliotandazwa pale hawana jina wala uso, na mtu akiniuliza ni picha gani ya jengo lile iliyo ya kweli zaidi, nitaitaja hiyo kabla ya mawigi yote.

Baada ya hapo nikawa siwezi tena kumwangalia mmoja wao bila kuuliza nani ameachwa nje ya fremu. Sir Hans Sloane, kwa mfano, rais wa chama kwa miaka 16 kuanzia 1719. Alikwenda Jamaika mwaka 1687 akiwa daktari wa gavana, akarudi na mimea kwa mamia. Alimwoa mjane wa mwenye mashamba huko, na sukari iliyolimwa kwa jasho la watumwa ikawa sehemu ya utajiri uliomwezesha kukusanya vitu ambavyo, alipofariki mwaka 1753, vilianzisha Makumbusho ya Uingereza. Agosti 1721 Sloane alikuwa miongoni mwa wasimamizi wa jaribio katika gereza la Newgate: wafungwa sita waliohukumiwa kifo, wanaume watatu na wanawake watatu, walichanjwa kwa usaha wa ndui kwa ahadi ya kuachiwa huru wakipona. Wote walipona wakaachiwa. Mmoja wao, Elizabeth Harrison, msichana wa miaka 19, alipelekwa Hertford kuuguza wagonjwa wa ndui, tena kulala kitanda kimoja na mtoto aliyekuwa na ugonjwa huo, ili waone kama utamshika. Haukumshika. Hatua za kuelekea chanjo zilipita juu ya mwili wa binti huyo. Ukutani yupo Sloane.

Na Thomas Sydenham. Huyu aliwaambia madaktari waache kubishana vitabuni, wakakae kando ya kitanda, waandike wanachokiona. Chama kilimpa leseni mwaka 1663 lakini hakikuwahi kumfanya mwanachama kamili. Alipokwisha kufa na sifa zake kuvuka bahari, ndipo walipomchongea kichwa cha marumaru. Nilicheka peke yangu, mlinzi akanitazama. Picha yake maarufu ya rangi, iliyopo kwenye makumbusho mengine ya London, ilichorwa mwaka 1688 na Mary Beale, mwanamke aliyeendesha maisha ya nyumba yake kwa brashi. Kwa hiyo wanawake walikuwepo, upande wa pili wa turubai. Kwenye uongozi wa chama, kutoka 1518 hadi Margaret Turner-Warwick kuwa rais mwaka 1989, ilipita miaka 471. Siku iliyotangulia hesabu hiyo ingenikasirisha kwa sababu ya picha ya 12. Sasa ilinikera kwa sababu nyingine, kwamba nilitaka kuingia ukutani vilevile walivyoingia wao, peke yangu, na kitabu.

Niliporudi kazini sikuwa malaika. Kitu cha kwanza nilichobadilisha ni kiti. Cha mgonjwa kilikuwa ng'ambo ya meza; nikakileta ubavuni, magoti yetu yakakaribiana. Cha pili kalamu: haishikwi mpaka nimeshika mikono yote miwili ya aliyekuja. Nesi wangu, mtu wa Lushoto asiyeficha kitu, aliniambia wiki ya kwanza, "Dokta, watu 54 hawa, ukimshika kila mmoja mikono tutafuturu hapahapa." Alikuwa na haki. Tulimaliza saa kumi na moja jioni. Mpaka leo kuna siku foleni inanishinda, naona mkono wangu umerudi kwenye faili na macho yameufuata.

Mikono inasema kwa namna zake. Ya wavuvi ina makovu ya mshipi. Ya wanawake wa huku ina hina, na hina ni adui wa daktari mvivu: kucha zikiwa nyekundu huwezi kujua kama damu imepungua, inabidi ufungue kiganja uangalie mistari yake, kisha ushushe kope la chini. Na vidole vile vya mkata mkonge navitafuta kwa kila mtu. Kuna njia rahisi mno. Unamwambia mgonjwa agusishe kucha za vidole viwili vinavyofanana, mgongo kwa mgongo. Kwa mtu mzima wa afya, katikati panabaki kidirisha kidogo chenye umbo la almasi, mwanga unapita. Vidole vilivyovimba havina kidirisha. Njia hiyo tuliachiwa na Leo Schamroth, daktari wa moyo wa Afrika Kusini, aliyeiandika mwaka 1976. Aliigundua alipougua mwenyewe maambukizi ya moyo, akawa anavitazama vidole vyake vikivimba na kupona. Angechorwa, nadhani yeye angeweza kukaa na mgonjwa wake kwenye fremu moja bila kumlipia mtu wa pili.

Mtoto wa yule mkata mkonge nilimfuata. Ilinichukua miezi minne kupata ujasiri. Nilimweleza kwamba kadi ya baba yake ilikuwa imejaa, kwamba dawa alizimaliza, na kwamba maneno yaliyoandikwa kwenye faili ni ya uongo na niliyaandika mimi. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema baba yake alikuwa akimeza vile vidonge mbele ya jirani, kila asubuhi, ili pawe na shahidi, maana alijua hospitali hawamwamini. Hakuniambia amenisamehe, wala sikumwomba anijibu.

Picha ya 12 imetundikwa mwaka jana. Ni ya kijana niliyemtangulia kazini miaka sita, tai nyekundu, mikono ameificha nyuma. Imekaa vizuri. Nilimpongeza, na moyo ulichoma kidogo, sitadanganya.

Jumatatu iliyopita aliingia bibi mmoja kutoka Pangani, ameshikwa mkono na mjukuu wake, hina mbichi mpaka kwenye vifundo. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye kiti cha ubavuni. Nikauchukua mkono wake wa kulia nikaugeuza kiganja juu, mwepesi kama jani la mgomba lililokauka, mistari yake myeupe. Akanisimulia kizunguzungu chake chote, kuanzia siku aliyoangukia kwenye beseni la vitumbua. Sikuandika hata neno. Alipomaliza akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemsikitikia mfanyakazi aliyeachiwa kazi nyingi.

"Sista, na daktari anakuja saa ngapi?"

"Yuko njiani, bibi," nikamwambia. "Nipe na huo mkono wa pili."